Saa Sita za Timoth

"Taa imewaka kijani, binti. Tunafungua ghala."

Juma lililopita tulimwacha Hasna, fundi wa kompyuta, na maneno hayo sikioni, amesimama katika ofisi ya ushirika pale Mazwi mjini Sumbawanga, mkono mmoja umeshika simu na mwingine umeng'ang'ania ukingo wa meza. Baadhi yenu mmeniuliza kama alizimia. Hakuzimia. Afadhali angezimia, maana asingeyasikia yaliyofuata.

"Mama Silvana," alisema, "usifungue."

"Kwa nini nisifungue?"

"Gesi ingali ndani."

"Taa ni ya kijani."

"Taa inasema uongo, mama."

Huko Ilemba, chini ya mteremko wa Lyamba lya Mfipa, Silvana, mtunza ghala, aliihamishia simu sikio la pili. Hasna alisikia vibarua wakicheka nyuma yake, na mtu akipiga honi ya lori kwa kukosa subira.

Msomaji ambaye hukuwa nasi tangu mwanzo, shika jambo hili moja. Ghala la Ilemba lilikuwa limejaa mahindi ya wanaushirika, nayo mahindi yalikuwa yamefukizwa kwa vidonge vya kuua dumuzi, mdudu atoboaye nafaka. Vidonge hivyo hutoa gesi isiyoonekana, na gesi hiyo haibagui kati ya dumuzi na binadamu. Kabla mtu hajaingia, feni kubwa hupuliza kwa muda wa saa nane kamili. Kompyuta ndogo iliyo ndani ya kisanduku ukutani ndiyo inayohesabu. Muda ukiwa bado, taa nyekundu. Muda ukitimia, taa ya kijani.

Feni ziliwashwa saa mbili asubuhi.

Sasa ilikuwa saa nne.

"Mama, hesabu mwenyewe," Hasna alisihi. "Uliwasha saa mbili. Saa nane zimetimiaje?"

"Mimi sihesabu. Kazi ya kuhesabu mliinyang'anya watu mkakipa kisanduku. Nani alikuja hapa akatukalisha kwenye magunia, akatufundisha?"

Hasna aliachia ukingo wa meza.

"Nakuuliza, mwanangu. Nani?"

"Mimi."

"Ulisema nini?"

Alisema, na aliyakumbuka maneno yake kama mtu akumbukavyo kiapo. Msimu wa kabla ya hapo, katika ghala jingine la ushirika, mkubwa mmoja aliwasukuma vibarua ndani muda haujatimia, na kijana mmoja akatolewa amebebwa. Kwa hiyo Hasna aliwaapisha watunza ghala wote: mtiini taa, msimtii mtu. Mtu akipiga simu kuwaambia kinyume cha taa, awe tajiri, awe meneja, mkatieni.

"Ulisema hata kama ni wewe," Silvana alimkumbusha. "Tukacheka. Ukasema, msicheke, hata kama ni mimi."

"Leo ni tofauti!"

"Kila anayepiga simu husema leo ni tofauti." Silvana alishusha sauti. "Na kuna jambo jingine. Sisemi ndilo, nasema watu watalisema. Lori la kwanza kwenye foleni ni la Shigela. Lori la baba yako lingali linateremka mlimani. Nikizuia kazi mpaka jioni kwa neno lako, nani atakuwa amefika?"

"Wallahi silo hilo, mama!"

"Nimekwambia sisemi ndilo. Kaa salama."

Simu ikakatika.

Meneja Christopha aliingia wakati huohuo, kikombe cha chai mkononi, uso umekunjuka kama wa mtu aliyeamkia habari njema.

"Hasna! Nasikia Ilemba wameshaanza kupakia. Toleo jipya la programu ya kisanduku lina kasi, eh?"

"Uliniambia Ilemba hakuna kazi leo."

"Haikuwapo. Mnunuzi akaharakisha, nikawaambia wawashe feni asubuhi. Kwani vipi?"

"Nilikuomba juma moja, mzee. Nilikwambia msimbo huu wa kisanduku siyo wa kubeba mzima mzima. Ulinijibu nini?"

Meneja aliweka kikombe mezani. Alikumbuka alichojibu.

Hapa lazima tumtaje Timoth, fundi aliyemtangulia Hasna, ambaye sasa ameajiriwa Dodoma. Programu inayohesabu saa katika kisanduku kile haikuandikwa Sumbawanga. Timoth aliichukua bure mtandaoni, kwa mafundi wa nchi za mbali wanaoyatoa maandishi yao ili kila mwenye haja ayatumie. Hakuna ubaya. Lakini kwa mafundi wale siku huanza usiku wa manane, nasi huku twahesabu tangu jua lichomoze. Tofauti ni saa sita.

Silvana, akiulizwa na kisanduku feni zimewashwa saa ngapi, huandika mbili. Angeandika nini tena? Ndivyo angeandika mama yake, na ndivyo angeandika paroko. Timoth aliliona hilo. Badala ya kuandika kipande chake mwenyewe kando, cha kutafsiri saa, aliingia ndani ya kazi ya wageni, akaibadilisha katikati ya matumbo yake. Saa ya kompyuta ikaanza kuhesabu tangu macheo. Kazi ikaenda, watu wakampongeza, naye hakuandika popote alichogusa.

Wale wa mbali hawakulala. Kila walipogundua kasoro katika kazi yao waliirekebisha na kutangaza. Nakala ya Ilemba ilibaki nyuma, msimu baada ya msimu, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuigusa. Kisha likatangazwa rekebisho ambalo halikuweza kupuuzwa: umeme wa betri ukishuka, taa ingeweza kuganda kwenye kijani. Hasna aliomba muda alinganishe mstari kwa mstari, ajue upi ni wa wenyewe na upi ni wa Timoth. Alinyimwa. Asubuhi hiyo akalileta toleo jipya zima, nalo likaifunika kazi ya zamani.

Likazifunika na saa sita za Timoth.

Kwa saa ya wageni, sasa ilikuwa kumi. Silvana alikuwa ameandika mbili. Kumi ukitoa mbili ni nane. Kisanduku hakikudanganya kwa makusudi. Kilitoa hesabu sahihi ya uongo mtupu.

"Mpigie," Hasna alimwambia meneja. "Wewe ni mkubwa wake."

"Nimwambie taa imekosea? Nikisema hivyo leo, kesho nani ataiamini?"

"Mzee, kesho watakuwa wanamzika mtu!"

Christopha alipiga. Aliweka sauti ya kimeneja, ile ya mikutano mikuu. "Mama Silvana, hapa anaongea meneja. Naagiza mlango ufung..."

Aliitazama simu yake kwa mshangao.

"Amenikatia," alisema. "Mimi! Meneja wake!"

"Ndivyo nilivyomfundisha," alisema Hasna, na machozi yakamtoka.

Hakukaa kulia. Aliketi mbele ya kompyuta, vidole vikaanza kukimbia. Alilitafuta lile toleo la zamani, lenye mkono wa Timoth ndani yake, akaliamuru lirudi Ilemba. Lilikuwa na kasoro zake, lakini lilijua kuhesabu kwa Kiswahili. Likifika tu, litaona feni zimepuliza saa mbili na ushei, na taa itarudi kuwa nyekundu. Silvana hataki neno la mtu. Basi apewe neno la taa.

Akabonyeza.

Kioo kikaandika: *Inasubiri mtandao wa Ilemba.*

"Kunani?" aliuliza Christopha.

"Kisanduku kina laini yake, siyo ile ya simu ya Silvana. Mawingu yakitanda ukingoni mwa mlima, laini hupotea. Ikirudi, kitapokea."

"Itarudi lini?"

"Unaniuliza mimi?"

Katika kungoja, akawaandikia wale mafundi wa mbali. Aliwaeleza yote kwa haraka na kwa adabu, akawauliza kama kuna njia ya kuisimamisha saa yao kutoka nje. Jibu lilikuja upesi kuliko alivyotarajia, nalo lilikuwa la kistaarabu. Walimpa pole. Walisema saa inayohesabu tangu macheo hawaijui, haijapata kuwamo katika kazi yao, na yeyote aliyeitia ndani ndiye wa kuulizwa.

Walikuwa na haki. Hilo ndilo lililomuuma zaidi: kila aliyemwendea alikuwa na haki.

Alimpigia Timoth. Simu iliita mpaka ikachoka. Akamwachia ujumbe apige kwa namba ya meneja, kwa sababu yake mwenyewe alitaka kuitumia kwa mtu mwingine. Mtu huyo alikuwa baba yake.

Mzee Abdulnasir, mwenye lori la bluu linalojulikana tangu Milanzi hadi bondeni, alipokea haraka.

"Asalaam aleikum, binti yangu! Nimefika sasa hivi, hata injini haijapoa."

"Waaleikum salaam, shikamoo baba. Baba, sikiliza. Usikaribie ghala. Waambie watu wasiingie. Gesi imo. Nimekosea mimi, taa siyo ya kweli."

"Marahaba. Nimesikia."

"Umenielewa?"

"Nimekuelewa vizuri kabisa. Silvana amenieleza pia, uwanja mzima umesikia. Vibarua wamegoma mlangoni. Shigela hapa anacheka mpaka anashika tumbo."

Na kweli sauti nzito ya Shigela ilisikika: "Mzee Abdu! Mwambie mwanao aje ashike taa kwa mkono! Tuliambiwa mashine ina akili kuliko watu, kumbe nayo inaogopa giza!"

Vicheko vikalipuka.

"Mwache acheke, baba. Acheke mpaka jioni."

"Hasna." Mzee alilitaja jina hilo taratibu, kama alivyolitaja alipokuwa akimpeleka shule kwa baiskeli. "Siku ya mtihani wa darasa la saba ulitoka darasani unalia. Ulisema umekosea hesabu zote. Kweli?"

"Baba, tafadhali..."

"Kweli au uongo?"

"Kweli, nilisema."

"Ukawa wa ngapi?"

"Baba, hayo ni ya zamani!"

"Ulipokwenda chuo, ulinipigia simu ukasema utafukuzwa. Ulifukuzwa? Ulipofunga ile taa ya pili huko ndani ya ghala, ulikuwa huli chakula, ukisema itashindwa. Imeshindwa? Mimi nakujua. Kila kazi yako inapotazamwa na watu unaingiwa na hofu, unaikana kabla hawajaikana wao. Na kila mara, binti yangu, kila mara unakuwa umepatia."

"Safari hii sijapatia! Baba, nakuapia!"

"Uliapa hata ile ya darasa la saba."

Hasna alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Christopha alikiokota, hakujua akiweke wapi, akabaki amekikumbatia.

"Watu hawa hawatakucheka mimi nikiwapo," Abdulnasir aliendelea, na sasa alikuwa akisema kwa sauti ya kusikiwa na uwanja mzima. "Vibarua wakae nje. Sitaki mtoto wa mtu. Nitaingia mwenyewe, niguse gunia la mwisho kabisa ukutani, nirudi. Kisha tuone nani atacheka."

"Usiingie! Baba! Nakuomba kwa jina la mama!"

"Mama yako angetangulia mbele yangu," alisema mzee. "Silvana, nishikie simu."

Msomaji, kuna watoto wanaolilia kuaminiwa na wazazi wao hata kwa siku moja. Hasna aliaminiwa, na imani hiyo ilikuwa inavua viatu mlangoni mwa ghala.

"Mama Silvana!" alipiga kelele. "Mzuie!"

"Namzuiaje? Taa ya kijani, mwenye kuingia ni mtu mzima, na ni baba yako." Lakini sauti ya Silvana haikuwa tena ile ya awali. "Ameingia."

"Kuna harufu?"

"Ya vitunguu saumu. Lakini hiyo huwapo siku zote, hata muda ukitimia inabaki kwenye magunia."

"Kali kuliko siku zote?"

Hasna alimsikia Silvana akinusa.

"Mama, nijibu!"

"Kali," alisema Silvana. "Ee Mungu wangu. Kali."

"Mwite!"

"Mzee Abdulnasir! Mzee, rudi!" Hasna alimsikia akiita, mara moja, mara nyingine, na juu ya sauti yake feni zikinguruma kama mashine ya kusaga. "Hanisikii, binti. Feni ndizo zinazopiga kelele. Namwona mgongo tu. Anapiga magunia kwa kiganja anapopita, kama anayeyasalimia."

"Shigela yupo hapo? Mwambie amfuate, afunike pua!"

"Shigela hacheki tena. Amerudi nyuma na wenzake wote. Nani atamfuata baada ya kusikia maneno yako?"

Sasa waliamini. Sasa, neno lake lilipokuwa haliwezi tena kumwokoa mtu ila kuwakimbiza watu tu, ndipo walipoliamini.

Hasna aliigeukia kompyuta. *Inasubiri mtandao wa Ilemba.* Akaanza kuomba dua kwa sauti: mtandao urudi, toleo la zamani lipokewe, taa iwe nyekundu, baba aione. Ndani ya ghala, juu ya ukuta wa mwisho, palikuwa na ile taa ya pili ya kuwaonya walio ndani. Aliifunga yeye mwenyewe. Mzee akiinua macho akaiona imegeuka, atarudi. Neno la binti yake amelikataa, lakini taa yake hawezi kuikataa.

Simu ya meneja ikalia. Christopha aliangusha kiti akaipokea.

"Ni Timoth," alisema, akamshikisha sikioni, kwa kuwa mkono mmoja wa Hasna ulikuwa kwenye kompyuta na wa pili ulishika simu yake, Silvana akiwa hewani.

"Mambo, Hasna! Nimeona umepiga kama mara..."

"Kaka Timoth, ile saa uliyoibadilisha. Toleo jipya limeifuta. Baba yangu yumo ndani ya ghala la Ilemba na gesi imo."

Utani wote ulimtoka Timoth. "Yumo ndani? Sasa hivi?"

"Nimeshalirudisha toleo lako. Linangoja mtandao tu. Likifika taa itakuwa nyekundu, ataiona, atatoka."

Kwa upande wa Timoth kilisikika kiti kikisukumwa.

"Kaka, si ndivyo?"

"Mlango uko wazi?"

"Uko wazi. Kwa nini?"

"Hasna, nisikilize. Lisimamishe."

"Nini?"

"Toleo langu. Usiliache lifike. Lisimamishe sasa hivi!"

"Kwa nini?"

"Sikubadilisha saa peke yake." Maneno yalikuwa yakimtoka kwa kukanyagana. "Wakati ule wezi walikuwa wanaingia ghala likifukizwa, wanajifunga vitambaa usoni. Meneja akanibana nifanye jambo. Kwa wenyewe, taa na mlango ni vitu viwili mbalimbali. Mimi niliviunganisha, humohumo ndani, kwenye mistari ileile ya saa. Taa ikigeuka nyekundu, mota inauvuta mlango na kufuli linajifunga. Halifunguki mpaka kijani."

"Halifunguki kwa ndani?"

"Halifunguki popote."

Hasna alimtazama Christopha. Meneja alikuwa ameinamisha kichwa.

"Sikujua," alinong'ona Hasna. "Sijapata kuiona."

"Ungeionaje? Taa haijawahi kurudi nyekundu mlango ukiwa wazi. Leo ndiyo mara ya kwanza. Lisimamishe, dada!"

Akaiweka simu yake juu ya meza, Silvana akiwa bado hewani. Akatafuta amri yake aliyoituma. Akaipata. Akaiamuru ifutwe. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo. Ikafikiri, duara dogo likizunguka katikati ya kioo, likizunguka, likizunguka.

Nje, juu ya Mazwi, jua lilichomoza kati ya mawingu. Ukingo wa mlima ulikuwa umetakata.

Duara likasimama.

*Imepokelewa Ilemba.*

"Hapana," alisema Hasna. "Hapana, hapana." Akabonyeza tena. Akabonyeza kila alichoweza kubonyeza. Kioo kilibaki na neno lake moja, la kutii, kama mtumishi aliyetumwa akafanya upesi na sasa anangoja sifa.

Alinyakua simu mezani. "Mama Silvana! Weka kitu mlangoni! Gunia, jiwe, chochote! Usiulize!"

Mtunza ghala yule, aliyekuwa amekata simu ya meneja wake bila kupepesa, safari hii hakuuliza. Hasna alisikia miguu ikikimbia juu ya kokoto, na Silvana akiwapigia watu kelele kwa Kifipa, na Shigela naye akiita, "Shika huku! Shika huku!" Kisha ukasikika mlio wa chuma kikisaga juu ya chuma, taratibu, bila haraka, kama mlango wowote unaofungwa na mtu mwenye kujua kazi yake.

Kisha kishindo.

"Mama? Mama Silvana, mmewahi?"

Nyuma ya kishindo kile, kutoka ndani, kwa mbali na kwa uzito, mtu alikuwa anakohoa.